Karta Mbili za Babu na Moja ya Mjomba

Mwaka jana, katika somo la mbinu za utafiti wa historia, mwalimu wetu alituagiza kila mmoja alete darasani hati ya familia na aeleze hati hiyo inashuhudia nini. Wenzangu walileta vyeti vya ndoa, stakabadhi za kodi ya kichwa, barua za zamani. Mimi nilileta leseni tatu za udereva. Kwetu Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, leseni tunaiita karta, neno tulilolitwaa kwa Wareno. Mbili ni za babu mzaa mama na ya tatu, ambayo nilipewa kivuli chake tu, ni ya mjomba. Baada ya maelezo yangu mwenzangu mmoja aliuliza swali lililonishinda siku ile: kama hati hizi ni ushahidi, mbona mjomba wako anaonekana ameanza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na tatu? Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Kwanza nitaje kwa ufupi kwamba mtihani wa udereva si jambo la kale popote duniani. Mjini Paris cheti cha kuthibitisha uwezo wa dereva kilianza kudaiwa mwaka 1893. Uingereza ilingoja hadi mwaka 1935 ndipo mtihani ukawa wa lazima, na kabla ya hapo mtu aliweza kununua gari asubuhi na kuingia nalo barabarani mchana. Ureno, iliyotutawala sisi, ilibadili upande wa barabara mwaka 1928 na kuanza kupita kulia. Msumbiji haikubadilishwa, kwa sababu majirani zake waliotawaliwa na Waingereza, kuanzia Tanganyika hadi Afrika Kusini, wote walipita kushoto. Jambo hili nalikumbusha kwa sababu babu alikuwa akilicheka mpaka uzeeni, na msomaji ataona sababu.

Babu alizaliwa Mocímboa da Praia mnamo 1938, katika familia ya Wamwani waliokuwa wavuvi. Kama watoto wengi Waislamu wa pwani, alipelekwa chuoni, hakupelekwa shule. Hili halikuwa suala la uvivu wa wazazi. Kwa mapatano ya mwaka 1940 kati ya serikali ya Ureno na Vatikani, na sheria ya misheni iliyofuata mwaka 1941, elimu ya Waafrika walioitwa "wenyeji" iliwekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Wazazi wa pwani waliogopa mtoto akienda huko atarudi na jina jingine. Basi babu alijua kusoma na kuandika vizuri, lakini kwa herufi za Kiarabu, na katika vitabu vya serikali mtu wa namna hiyo alihesabiwa kuwa hajui kusoma.

Alianza kazi akiwa kijana mdogo, mpishi msaidizi katika nyumba ya Mreno mmoja, na huko jikoni ndiko alikookota Kireno. Baadaye akawa utingo wa lori la pamba. Ulimaji wa pamba kwa nguvu ulikuwa umeanza mwaka 1938, mwaka aliozaliwa yeye, na malori yalipanda hadi Mueda kuteremsha magunia bandarini. Utingo alifungua na kufunga turubai, alichimba mchanga tairi zikizama, alilala juu ya mzigo. Na usiku dereva akisinzia, utingo alishika usukani. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa dereva miaka mitatu kabla ya kuwa dereva.

Mtihani wenyewe ulikuwa Porto Amélia, mji ambao baada ya uhuru ulirudishiwa jina la Pemba. Ilikuwa mwaka 1963. Safari hiyo si fupi, ni zaidi ya kilomita mia tatu, na wakati wa masika mto Messalo hukata barabara. Kilichomsumbua zaidi lakini ni kitabu cha sheria za barabarani, kilichokuwa kwa Kireno. Babu alimwomba mtoto wa tajiri wake amsomee polepole, naye akaandika kila kanuni katika daftari kwa herufi za Kiarabu. Maneno ni ya Kireno, herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa kuwa Kiarabu hakina herufi ya P wala ya G, neno "prioridade", yaani haki ya kupita kwanza, lilisomeka kama "biriyuridadi", na "perigo", hatari, likawa "birighu". Alama za barabarani alizichora pembeni kwa kalamu ya wino. Akakariri daftari zima kama alivyokariri juzuu.

Gari la mtihani lilikuwa Land Rover lenye turubai, mali ya tajiri wake, kwani mtahiniwa ndiye aliyeleta gari. Babu alilieleza gari hilo kuliko alivyowaeleza watu. Alisema mlango wa kulia ulifungwa kwa waya, na hiyo ikawa shida, kwa sababu zama hizo dereva alitakiwa kutoa mkono nje kuonyesha anakokata, na waya ulikuwa unamkwaruza kiwiko kila anapoutoa. Gia ya kwanza ilihitaji kubembelezwa. Mtahini alikuwa Mreno aliyefika si muda mrefu. Njiani alisema "kaa upande wako", huku akielekeza mkono kulia, kama kwao. Babu hakujua afanye nini: akitii, amevunja sheria, na asipotii, amembishia Mreno. Alichofanya ni kusimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akasoma kwa sauti kanuni aliyoikariri kuhusu upande wa kushoto. Mreno akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Babu akapita.

Sina njia ya kuthibitisha kisa hiki. Nimekisikia mara nyingi mno, na kila mara Mreno alicheka kwa sauti kubwa zaidi. Lakini karta ipo, ina picha yake akiwa amevaa koti la kuazima.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO ilianzisha vita kwa shambulio la Chai, katika mkoa wetu. Kwa dereva, vita ile ilikuwa vita ya barabara. Wapiganaji walitega mabomu ardhini, na jeshi la Ureno likawa linatanguliza lori la Berliet lililojazwa viroba vya mchanga ili lilipukiwe hilo kwanza, huku askari wengine wakitembea mbele wakidungadunga njia kwa vijiti. FRELIMO wenyewe walipokea silaha zilizoletwa na malori hadi ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Tanzania. Zikishavuka mto, hazikupanda gari tena. Zilibebwa kichwani, na wabebaji wengi walikuwa wanawake. Mtu mwenye karta mpya upande wa kusini wa mto hakuwa na pa kuitumia.

Mwaka 1965 babu na bibi walivuka kwa mtumbwi. Babu aliifunga karta yake katika karatasi ya nailoni na kuivaa shingoni. Mtwara alipata kazi kwa mfanyabiashara wa korosho, lakini askari wa trafiki hawakuweza kuisoma hati ya Kireno, wakamwambia afanye mtihani upya. Gari likawa, kwa bahati, Land Rover tena, nzima kuliko lile la kwanza. Hapa ndipo palipo kiini cha habari yote. Babu alisema: "Kule nilijiandaa miezi saba. Hapa askari aliniuliza kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kiswahili, tukarudi kituoni kabla chai haijapoa." Ni mtu yule yule, gari la aina ile ile, barabara za mchanga ule ule, na upande wa kushoto ule ule. Kilichobadilika ni mto mmoja katikati na lugha ya swali. (Karta ya pili nayo ilitoka imeandikwa kwa Kiingereza, ambacho babu hakukijua hata neno. Ila kuisoma halikuwa tatizo lake, lilikuwa la askari.)

Mjomba alizaliwa Mtwara mwaka 1970. Familia ilirudi baada ya uhuru wa Juni 1975, ikahamia Palma. Mjomba aliingia shule akiwa na Kiswahili na Kimwani, akakuta Kireno ndicho lugha ya darasa. FRELIMO walikuwa wamekichagua tangu vitani ili watu wa makabila mengi waelewane, na sababu hiyo siidharau. Lakini kwa mtoto aliyerudi kutoka Tanzania, Kireno kilikuwa cha kigeni kama kilivyokuwa kwa babake. Aliacha shule darasa la nne. Kuendesha gari alifundishwa na babu, juu ya lori bovu la ushirika, miaka ya themanini, wakati vipuri havipatikani na vita vya ndani vimefunga njia nyingi.

Baada ya mapatano ya amani ya Roma, Oktoba 1992, njia ya kwenda mpakani ilichangamka. Mjomba alipata Land Cruiser ya mtu, akawa anabeba abiria na magunia kutoka Palma kupitia Quionga hadi Namoto, ambako watu huvuka Ruvuma kwenda Kilambo na Mtwara. Hiyo tunaita shapa. Nimepanda sana gari hilo utotoni. Mjomba alijua mchanga kama mvuvi anavyojua maji: alipunguza upepo wa tairi kwa kusikiliza mlio tu, hakukanyaga breki pale penye unga, alitoa kichwa dirishani kuangalia tairi la mbele linavyokata. Karta hakuwa nayo. Mtihani ulikuwa Pemba, kwa Kireno, na Palma nzima watu walimjua kuwa ni dereva. Kulikuwa na haja gani?

Haja ilikuja na gesi. Mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa baharini mbele ya Palma, na miaka iliyofuata zikaja kampuni za ukandarasi zilizotafuta madereva. Mjomba alikwenda kuomba kazi. Kijana mmoja aliyetoka kusini mwa nchi alimwomba karta, kisha akamwuliza kwa Kireno uzoefu wake. Mjomba alianza kujibu, akakwama, akamalizia kwa Kiswahili. Alirudi nyumbani, wala hakusema kitu mpaka jioni. Wiki zilizofuata alimwona kijana mgeni amezamisha gari jipya karibu na soko, magurudumu yakichimba tu. Mjomba alilitoa, akamrudishia funguo. Wengi wa Palma wana kisa kama hiki, na manung'uniko ya ajira kwenda kwa wageni yalikuwa maneno ya kila kibaraza miaka ile.

Mwaka 2015 alifunga safari Pemba, akafeli sehemu ya nadharia. Daftari la babu lilikuwa kabatini wakati wote huo, lakini mjomba alisema ni la kizamani, na kwa kweli sheria ilikuwa imebadilishwa. Babu alifariki mwaka uliofuata.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Sitaeleza mengi. Mama alitoka na karta mbili za babu kwa sababu zilikuwa katika pochi moja na vitambulisho. Daftari lilibaki, na nyumba iliungua. Yale maneno mawili niliyoyaandika hapo juu ndiyo yote ninayoyakumbuka kutoka humo. Land Cruiser ilibaki pia. Tulikwenda kwa miguu hadi Quitunda, na baadaye kwa meli hadi Pemba.

Pemba mjomba alikuwa mkimbizi asiye na gari wala kazi, lakini sasa mtihani ulikuwa mtaa wa pili. Nilimsaidia kujifunza. Nilimsomea kwa Kireno, nikamweleza kwa Kiswahili, naye akaandika kwa herufi za Kiarabu. Sikumwambia afanye hivyo, na nadhani yeye mwenyewe hakukumbuka alikoitoa njia hiyo. Maswali yalikuwa kwenye kompyuta, na mara ya kwanza alishindwa kwa sababu ya muda, alichelewa kukimbiza mshale kwenye kioo. Mara ya pili alipita.

Mtihani wa barabarani alifanya kwa Toyota ndogo ya shule ya udereva, iliyo chini sana hata alilalamika kwamba amekalia lami. Pemba ina miteremko mikali kuelekea bandarini, na mtahini alimtaka asimame katikati ya mlima kisha aondoke bila gari kurudi nyuma. Aliondoka kama hakuna mlima. Kosa alilofanya ni kutoa kichwa dirishani kila anapokata kona. Mtahini alimwuliza anaangalia nini huko nje. Mjomba akamjibu kwa Kireno chake, "areia", yaani mchanga. Hapakuwa na mchanga, ilikuwa lami tupu.

Kwa hiyo namjibu mwenzangu hivi: hati inaonyesha siku ambayo ofisi ilimwelewa mtu, haionyeshi siku ambayo mtu alianza kujua kazi yake. Mtafiti atakayehesabu karta za pwani yetu ataona kwamba Palma haikuwa na madereva, ingawa nusu ya mji ulisafiri nyuma ya gari la mjomba. Na hata babu, ambaye karta zake zina tarehe mbili, 1963 na 1965, alikuwa anashika usukani usiku juu ya magunia ya pamba kabla ya zote mbili.

Karta ya mjomba ni ya plastiki, ndogo, ina picha isiyomfanana. Mahali pa tarehe ya kuruhusiwa kwa mara ya kwanza pameandikwa 2023. Alipoipokea aliigeuzageuza, akaniuliza kama kuna mahali pa kuandika mwaka mwingine. Nikamwambia hakuna.