Habari za Kuandika Chipu Kongwe

Katika mwaka 1974 kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza kipande cha silikoni kiitwacho TMS1000, ambacho ndani yake mlikuwa na kikokotozi, kumbukumbu na milango ya kupitishia ishara, vyote pamoja. Nacho ndicho aghalabu hutajwa kuwa mikrokontrola ya kwanza kufika sokoni. Kilitia uhai katika mashine za hesabu na vitu vya kuchezea, kama vile Simon wa mwaka 1978 na taa zake nne za rangi. Walakini amri zake zilichapwa kiwandani pamoja na silikoni yenyewe, wala hapakuwa na njia ya kuzibadili baadaye. Aliyetaka programu yake iingie humo alipeleka maandishi kiwandani, akalipia picha za kuchapia, akaagiza maelfu. Na mwenye haja ya chipu moja tu kwa ajili ya kengele ya nyumba yake hakuwa na wa kumsikiliza.

Faraja ilikuja kwa mkono wa Dov Frohman, mhandisi wa Intel, ambaye mwaka 1971 alikuwa amekwisha kuvumbua kumbukumbu iandikwayo kwa umeme na kufutwa kwa miale ya urujuanimno. Intel ikaitia katika mikrokontrola zake: 8748, ndugu wa 8048, na baadaye 8751, ndugu wa 8051 iliyotoka mwaka 1980. Chipu hizo zilikuwa nzuri kuzitazama, maana katika mgongo wao wa kauri palikuwa na kidirisha cha kioo cha kwatzi, na aliyeinama aliiona silikoni yenyewe iking'aa, na nyuzi nyembamba mno zikiiunganisha na miguu. Fundi aliyekosea amri moja aliichomoa chipu, akaiweka chini ya taa ya miale kwa muda wa dakika 20 hivi, akaanza upya. Na aliyemaliza kazi alibandika karatasi juu ya kidirisha, kwa kuwa mwanga wa jua, ukipewa muda, huweza kufuta kidogo kidogo kile kilichoandikwa kwa taabu. Lakini kauri na kioo vilikuwa ghali, na kiandikio, yaani chombo cha kuitilia chipu amri, kilikuwa ghali zaidi, kwani 8751H ilidai volti 21, mbali na zile 5 za kawaida, zije kwa wakati wake na kwa kipimo chake.

Wengi husimulia habari hizi kana kwamba elimu ndiyo iliyowapungukia wapenzi wa elektroniki wa zama hizo. Sioni hivyo. Vitabu vya maelezo ya chipu vilipatikana, na lugha ya mashine hujifunzika. Kilichowazuia ni ile volti ya ziada na chombo cha kuitoa, na kila hatua kubwa iliyofuata ilikuwa ni ya kuidhalilisha volti hiyo.

Hatua mojawapo ilitoka Arizona mwaka 1993, Microchip ilipotoa PIC16C84, chipu ya miguu 18 yenye nafasi ya maneno 1024 ya programu, iliyofutwa kwa umeme badala ya mwanga. Volti kati ya 12 na 14 zilihitajika bado, ila katika mguu mmoja tu, na kazi yake ilikuwa kuijulisha chipu kwamba sasa inaandikwa. Amri zenyewe zilipita katika nyaya mbili, moja ya data na moja ya mapigo ya saa. Nyaya mbili si mzigo kwa mlango wa printa wa kompyuta, ule wa pini 25, basi watu wakajiundia viandikio mezani kwa transista na rezista chache. Si wote waliokuwa na nia njema: chipu hiyo hiyo iliingia katika kadi za bandia za kufungulia televisheni za satelaiti barani Ulaya, na nadhani wapo mafundi wenye heshima zao leo ambao somo lao la kwanza lilikuwa haramu.

Huko Trondheim, Norwei, wanafunzi wawili, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, walibuni muundo mwingine, ambao Atmel iliutoa kwa jina la AVR katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Chipu ya familia hiyo iliandikwa ikiwa imekaa mahali pake, kwa umeme ule ule wa volti 5 iliokuwa ikiutumia katika kazi yake. Nayo AT90S1200, miongoni mwa za mwanzo, ilikuwa fukara wa kustaajabisha: baiti 1024 za programu, rejista 32, na nje ya rejista hizo hata baiti moja ya kumbukumbu ya kazi hakuna, na kwa kawaida iliandikiwa kwa lugha ya asemblia.

Baadaye kompyuta mpya zikaanza kutoka viwandani bila mlango wa printa, na viandikio vya gharama ndogo vikabaki yatima. Mrithi wa viandikio hivyo alizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, pale Massimo Banzi, David Cuartielles na wenzao, wakifuata njia iliyofunguliwa na Hernando Barragán kwa kazi yake iitwayo Wiring, walipounda bodi ya Arduino. Jina walilitoa katika baa waliyozoea kukutana, nayo ilikuwa na jina la Arduin, aliyetawazwa mfalme wa Italia mwaka 1002. Na ni wafalme wachache walioshindwa vitani waliopata sifa ya namna hii. Madhumuni ya Banzi na wenzake yalikuwa kuwafaa wanafunzi na wasanii, lakini bodi hiyo, ambayo moyo wake ni AVR, iliweza pia kuwa kiandikio. Ikitiwa programu ndogo iitwayo ArduinoISP, hupokea maneno ya kompyuta kwa USB, ikayafikisha kwa chipu nyingine kwa nyaya sita: mbili za umeme, na nne zitokazo milango 10, 11, 12 na 13.

Tendo lenyewe ni fupi. Bodi hushusha mguu wa kuanzishia upya wa chipu hadi volti sifuri, husubiri walau milisekunde 20, kisha hutuma baiti nne, AC 53 00 00. Chipu iliyo nzima, kama mtu aitikiaye salamu, aghalabu hurudisha 53 wakati baiti ya tatu ingali ikiingia. Ndipo huulizwa nasaba yake, na AT90S1200 hujibu 1E 90 01. Ikinyamaza, aghalabu kosa ni haraka, kwa kuwa mapigo ya saa ya kuandikia hayana budi kuwa chini ya robo ya kasi ya chipu, na iendayo kwa megahezi 1 haiwezi kufuata zaidi ya kilohezi 250. Aidha, bodi ya Arduino iitwayo Uno hujianzisha upya kila kompyuta inapofungua mawasiliano, na mafundi huizuia kwa kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wake wa kuanzishia upya na ardhi.

Volti ya kale haikufa kabisa. AVR za baadaye zina biti za mpangilio ziitwazo fyuzi, na katika chipu kama ATtiny13 moja ya biti hizo huugeuza mguu wa kuanzishia upya uwe mlango wa kawaida. Aliyeibadili hawezi tena kuiandika chipu yake kwa njia ya kila siku, mpaka aupelekee mguu huo volti 12.

Ama 8051 yenyewe, ukoo wake ulifikia AT89S52, ambayo huandikwa kwa nyaya zile zile, ila mguu wake wa kuanzishia upya hupandishwa badala ya kushushwa, na jibu lake ni 69 katika baiti ya nne. Kwa sababu hiyo ArduinoISP ya mwanzo haikuitambua, na wenye haja nayo waliibadili mistari michache, wakaendelea kuandika kwa bodi ya wasanii wa Ivrea amri zilizobuniwa Intel mwaka 1980.