Dira na Chuma

Dira husifiwa kuwa haisemi uongo. Sifa hiyo ni nusu ya kweli. Mtu akisimama uwandani Mkata, katika nchi ya Handeni, mbali na bahari na mbali na chuma, sindano ya dira yake haitaelekea kaskazini hasa, kwa kuwa ncha ya sumaku ya dunia haiko mahali pamoja na ncha yenyewe ya kaskazini. Lakini kosa hilo ni lile lile, ageukapo upande wowote. Melini mambo ni mengine: chuma cha meli huivuta sindano, na kosa hubadilika kila omo igeukapo.

Vyombo vya kale vya pwani ya Waswahili havikuijua sana taabu hii. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, chataja mashua za kushonwa za Rhapta. Na mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za kumbi, bila misumari. Watu wa mbali walieleza desturi hiyo kwa hadithi ya miamba ya sumaku ing'oayo misumari baharini. Procopius aliikanusha katika karne ya 6, akisema kwamba vyombo vya Warumi katika Bahari ya Shamu vilikuwa na chuma, wala havikudhurika.

Karne ya 19 ilileta meli za chuma, na sumaku ya kuogopwa ikawa ubavu wa meli yenyewe. Mwaka 1838 George Airy aliipima meli Rainbow huko Deptford, Uingereza, akaonyesha namna ya kuisahihisha dira kwa sumaku na vipande vya chuma vilivyowekwa kando yake. Hata hivyo, mwaka 1854 meli mpya ya chuma, Tayleur, ilipanda mwamba pwani ya Ireland, dira zake zikiwa hazipatani. Mamia ya watu wakafa.

Leo mtambo ushikao usukani badala ya mtu hufunzwa kwanza somo hilo. Chombo huzungushwa polepole kwenye maji matulivu, nao mtambo hulikadiria kosa la chuma kwa kila upande na kuliondoa. Kosa la dunia hubaki, nalo husahihishwa kwa ramani. Chuma kikihamishwa karibu na dira, kazi hurudiwa. Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15, alizitaja pande 32 za dira kwa mawio na machweo ya nyota. Baharia wa namna yake aliweza kuinua macho na kuishuku dira. Mtambo uliofungwa kwenye dira peke yake hauwezi kushuku, na shaka hiyo imebaki kuwa kazi ya nahodha.