Jumba la Victoria la Portland: Nani Aliyelilipia?

Majumba mengi ya kale yaliyogeuzwa makumbusho yana kuta za asili lakini samani zake zimekusanywa kutoka kwingine. Jumba la Victoria, lililoko Portland katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ni tofauti. Lilijengwa kati ya 1858 na 1860, na vitu vingi alivyoagiza mwenyewe wa kwanza bado vimo. Kwa mwanafunzi wa historia hiyo ni bahati, ila naona ni bahati inayoweza kutupotosha. Jumba lililohifadhiwa kwa ukamilifu namna hii hutueleza vizuri jinsi matajiri wa enzi ile walivyoishi, lakini kuhusu chanzo cha fedha zao halisemi neno.

Mwenye nyumba, Ruggles Sylvester Morse, alizaliwa huko huko Maine, akaenda kutajirikia New Orleans, kusini kabisa mwa nchi, kwa biashara ya hoteli. New Orleans ilikuwa na fedha, ila kiangazi chake kiliogopwa. Mwaka 1853 homa ya manjano iliua maelfu ya watu mjini humo. Mwenye uwezo alikimbilia kaskazini miezi ya joto, na Morse aliamua kujenga nyumba ya kiangazi karibu na alikozaliwa.

Alijenga kama mtu wa hoteli. Msanifu Henry Austin alimchorea jumba la mtindo wa Kiitalia, lenye mnara na kuta za nje za mawe ya rangi ya hudhurungi. Mapambo ya ndani yalikabidhiwa Gustave Herter, fundi Mjerumani aliyehamia New York. Kuta na dari zilichorwa na Giuseppe Guidicini, Mwitalia, kwa ustadi wa kudanganya macho: unadhani umeona nakshi ya mbao au plasta, kumbe ni rangi tupu. Kuna hata chumba cha kuvutia tumbaku kilichopambwa kwa mtindo wa Kituruki. Kulikuwa na taa za gesi, maji ya bomba ya moto na ya baridi, na kengele za kuwaitia watumishi. Hizi zilikuwa starehe ambazo mgeni wa hoteli ya kifahari alizizoea. Sijafika Portland, nimelijua jumba hili kwa picha na maandishi, na nakiri kuwa picha hizo zilinivutia kwa muda mrefu kabla sijaanza kuuliza maswali.

Hoteli za New Orleans ziliendeshwa ndani ya uchumi wa utumwa. Katika Hoteli ya St. Louis, ambayo naitaja kama mfano tu, watu walinadiwa chini ya kuba la ukumbi wake mkuu. Morse mwenyewe alimiliki watumwa. Maine, kwa upande wake, iliingia katika Muungano mwaka 1820 ikiwa jimbo lisiloruhusu utumwa. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuchuma katika jimbo la utumwa na kutumia katika jimbo huru, na aliyepita barabarani Portland angeona utajiri bila kuona waliouzalisha. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka mwaka 1861, jumba likiwa jipya kabisa, akina Morse walikuwa New Orleans.

Wasomaji wa huku kwetu wasidhani mambo haya ni ya mbali. Pamba iliyolimwa na watumwa kusini mwa Marekani ilifumwa katika viwanda vya kaskazini, na sehemu ya kitambaa hicho ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Ndiyo marekani tuliyoizoea katika masimulizi ya misafara, iliyobebwa mpaka Unyamwezi na Buganda. Vita vile vilipokatiza pamba, soko la marekani Zanzibar nalo lilitikisika.

Morse alifariki mwaka 1893. Familia ya Libby, wenye duka kubwa mjini, ilinunua jumba na kuishi humo hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 bila kubadili mengi. Baadaye lilibaki tupu, kimbunga cha 1938 kikaliharibu, na kufikia 1940 lilikuwa karibu kubomolewa ili pajengwe kituo cha mafuta. Mwalimu mstaafu William Holmes na dada yake Clara waliliokoa, na mwaka 1941 likafunguliwa kama makumbusho. Walilipa jina la Malkia Victoria, ambaye hakuhusika nalo kwa lolote. Siwalaumu, maana bila wao tusingekuwa na cha kujadili. Hata hivyo jina la malkia lilimfunika Morse, na pamoja naye New Orleans yote.

Miaka ya karibuni makumbusho yenyewe yameanza kuwatafuta watu waliotumikishwa na akina Morse na kuwaeleza wageni habari zao. Kazi si rahisi. Tunamjua aliyechora dari, tunamjua aliyetengeneza samani. Lakini katika sensa ya 1860, mwaka ule ule jumba lilipokamilika, watumwa wa kusini waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, na kwa kawaida bila majina.