Wahitimu wa Kabete: Kutoka Sotoka hadi Miti

Mafunzo ya udaktari wa mifugo yalihamishiwa Nairobi kutoka Makerere mwaka 1962, kitivo kikawekwa Kabete. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru. Kwa miaka kadhaa, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mkenya, Mganda na Mtanzania walikaa darasa moja hapo. Baadaye Makerere ikarudisha mafunzo hayo, na Morogoro, Tanzania, ikaanzisha yake.

Kazi iliyowasubiri vijana wale ilikuwa sotoka, maradhi yaliyoteketeza mifugo ya Wamaasai mwishoni mwa karne ya 19. Chanjo ilikuwapo: Walter Plowright na wenzake waliitengeneza Muguga, si mbali na Kabete. Lakini chanjo hiyo iliharibika kwa joto. Ilibidi isafirishwe ndani ya barafu hadi kwenye maboma yasiyo na umeme wala barabara, ng'ombe waswagwe mmoja mmoja kati ya magogo, wachomwe sindano, na mwaka unaofuata kazi irudiwe kwa ndama. Mara ya mwisho sotoka kuthibitishwa popote duniani ilikuwa 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imetokomezwa. Ni maradhi ya pili tu kutokomezwa na binadamu, baada ya ndui.

Mhitimu mashuhuri kuliko wote hakuwa daktari wa mifugo. Wangari Maathai aliajiriwa 1966 na profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, katika Idara ya Anatomia ya Mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Aliongoza idara hiyo kuanzia 1976. Alipokuwa akichunguza ndigana kali, alikwenda vijijini kukusanya kupe kutoka masikioni mwa ng'ombe. Huko akaona wanyama waliokonda hadi mbavu kuhesabika, nyasi zimekwisha, na mito imegeuka tope. Alitambua kwamba hata kupe wakimalizwa wote, ng'ombe wale bado hawana malisho. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti. Kwangu mimi huo ni utumishi kamili kwa mifugo, na sioni sababu ya kumtenga na taaluma iliyomfundisha kutazama hivyo.

Mwaka 1982 aliacha kazi ili agombee ubunge. Alipozuiwa kugombea, aliomba kurudi, chuo kikamkatalia. Sasa taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake iko papo hapo Kabete. Ni heshima anayoistahili, ingawa ilimfikia baada ya Tuzo ya Nobel ya 2004.

Waliobeba barafu kuwafuata ng'ombe hawana taasisi wala bamba ukutani. Wa madarasa ya kwanza ni wazee sasa, na wengine wametangulia. Majina yao yamo katika rejista za kitivo. Yasomwe kwenye mahafali, mbele ya wajukuu zao.