Kiti Kimoja cha Mbulu na Msingi wa Bunge Letu

Kila chombo cha dola kina historia yake, na historia hiyo ndiyo inayoeleza chombo kinamtumikia nani. Wanafunzi wa siasa hapa Babati huzikariri vizuri ngazi za kupitisha mswada Bungeni. Lakini ngazi ni ngazi tu. Lazima tuulize: nani anazipanda, na ametumwa na nani? Swali hilo lina mzizi katika ardhi hii hii, ambayo mwaka 1960 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu.

1. Baraza la mkoloni

Waingereza waliunda Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1926. Mwenyekiti alikuwa Gavana mwenyewe. Maofisa wa serikali ndio waliokuwa wengi, na wajumbe wasio maofisa waliteuliwa na Gavana huyo huyo. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja hadi mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia. Miswada ilisomwa, ikajadiliwa, ikapitishwa. Utaratibu ulikuwapo, waliokosekana ni wananchi.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 uliendeshwa kwa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliamua kushiriki, na mtego wa mkoloni ukageuzwa kuwa silaha ya wananchi.

2. Fundisho la Mbulu

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda Chifu Amri Dodo, aliyesimamishwa na Chama.

Tulitafakari jambo hili kwa makini. Wapiga kura wa Mbulu hawakuukataa uhuru, wala hawakumchagua adui wa TANU. Walichokataa ni mtu waliyechaguliwa na wengine. Wakati huo huo, viti 58 vilipatikana bila kupingwa. Huko mwananchi hakupiga kura kabisa. Hapo ndipo ulipo mgongano wenyewe: kadiri Chama kilivyopendwa zaidi, ndivyo kura ya mwananchi ilivyopungukiwa na kazi.

3. Jibu la 1965 na mipaka yake

Tume iliyoundwa Januari 1964 chini ya Rashidi Kawawa ilipewa kazi ya kutafuta demokrasia ndani ya mfumo wa chama kimoja. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Fundisho la Mbulu lilikuwa limefanywa utaratibu wa nchi nzima.

Hata hivyo, jibu hilo halikukamilika. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walivuliwa uanachama wa TANU na hivyo kupoteza viti vyao, bila wapiga kura wao kuulizwa. Mwaka 1975 Katiba ilitamka kuwa shughuli zote za siasa zitaendeshwa na Chama au chini ya usimamizi wake. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992.

4. Ngazi za sheria

Kwa Katiba ya 1977, Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Mswada wa serikali hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati, ambayo yaweza kuwaita wananchi watoe maoni. Katika kusomwa mara ya pili hujadiliwa madhumuni yake. Halafu Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kuupitia kifungu kwa kifungu. Baada ya kusomwa mara ya tatu, hupelekwa kwa Rais.

Rais akikataa, huurudisha pamoja na sababu zake. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukiungwa mkono hivyo, Rais hana budi kuukubali ndani ya siku 21, au kulivunja Bunge. Maana yake ni kwamba mzozo huo hurudishwa kwa wananchi.

5. Kazi ya kada

Basi kila ngazi ni mlango wa hoja. Lakini mbunge asiyewajibika kwa wapiga kura wake hupita milango yote akiwa kimya, kama wajumbe wa Gavana. Kada anayewafundisha wananchi kushangilia tu hawajengi. Kazi yake ni kuwawezesha kuusoma mswada, kupeleka maoni kwenye kamati, na kumhoji mbunge wao anaporudi jimboni. Chama kinachoogopa kura ya mwanachama wake kimejitenga na chimbuko la nguvu zake. Wananchi wa Mbulu walilisema hilo mwaka 1960, kwa karatasi za kura.