Safu ya Lugha: Fani na Mahadhi

Nimemsikia mtangazaji akinena kwamba Professor Jay, mghani aliyetokea kundi la Hard Blasters na kutoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, "alibadili fani" aliposhirikiana na Sholo Mwamba katika singeli iitwayo Kazi Kazi. Na kauli hiyo, kwa hakika, inamdhulumu msanii. Fani, neno tulilolipokea kwa Waarabu kutoka fann, ni sanaa au ujuzi aushikao mtu, kama vile uhunzi, ushonaji na utunzi. Basi alipochaguliwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, hapo ndipo ilipojuzu kusema kwamba ameongeza fani ya pili, nayo ni siasa.

Kilichobadilika katika wimbo ule ni mahadhi, yaani mwendo wa sauti na mapigo yauchukuayo utungo, ambayo katika hip hop hutembea kwa utulivu, na katika singeli, muziki uliokulia kwenye vigodoro, sherehe za mitaani za uswahilini Dar es Salaam, hukimbia. Ama mtindo, ile namna yake mwenyewe ya kusimulia kisa kwa vina na ucheshi, huo hakuuacha.