Alama ya Reli
Mwaka 1976, Stuart Feldman wa Bell Labs alipounda Make, alituachia kitu kidogo cha maana: alama ya reli, #. Ukiiweka kwenye Makefile, mashine inaruka yote yanayofuata mpaka mwisho wa mstari. Hapo ndipo unamweleza binadamu mwenzako sababu. Ant ya mwaka 2000 ikatumia XML, komenti ikawa ya kufunguliwa kwa <!-- na kufungwa kwa -->. Usumbufu, lakini angalau ilikuwepo.

JSON nayo ikazikataa. Douglas Crockford alizitoa makusudi. 2012 alieleza kwamba aliona watu wakificha humo maagizo ya programu inayosoma, na mifumo ingeacha kuelewana. Kwa data inayosafiri kati ya mashine, sawa. Lakini npm ikachukua JSON hiyo hiyo kwa package.json, faili ambalo mtu analihariri kwa mkono! Hapo mimi sikubali kabisa.

Huku Laare, gari la miraa halingoji mtu na bandoli za intaneti zinaisha hivi hivi, nimerithi mradi wenye kifurushi kimoja kilichofungiwa toleo la zamani. Kwa nini? Aliyekifunga ashahama kazi. Kujaribu toleo jipya ni kushusha kila kitu upya, kwa pesa yangu.

Kuna njia ya panya: ufunguo "//", ambao Isaac Schlueter, muundaji wa npm, alisema npm haitautumia kamwe. Uandike ngazi ya juu ya faili, si ndani ya dependencies; huko npm itadhani ni jina la kifurushi.